Kava nzito ya boi bendi: mpige "I Want It That Way" au "Bye Bye Bye"?

Bendi ya rock ikishakuwa na nyimbo zake kadhaa kuna siku mmoja wao atasema jamani tuweke wimbo mmoja wa pop humu katikati, wa boi bendi, yani yale makundi ya vijana wa kiume wanaoimba na kucheza, tuupige nzito, watu waimbe na sisi. Kava kama hiyo, yani kupiga wimbo wa mwingine kwa mtindo wenu, ni wazo zuri sana na mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Shida inaanza mkiulizana wimbo gani, maana mara nyingi ubishi unaishia kwenye hizi mbili, "I Want It That Way" ya Backstreet Boys ya 1999 au "Bye Bye Bye" ya NSYNC ya 2000, alafu kila mtu anavutia kwake, mpiga dramu anataka hii, mwimbaji anataka ile, mazoezi yanaisha hakuna kilichopigwa.

Natoa msimamo wangu mapema ili mwenye haraka aishie hapa. Kama nguvu ya bendi yenu iko kwenye dramu na gitaa, chukueni "Bye Bye Bye". Kama mna waimbaji, na sisemi mwimbaji mmoja mkali, nasema watu wawili watatu wanaoweza kushika sauti zao bila kuyumba huku wamebeba vyombo, basi "I Want It That Way" itawapa kitu kikubwa zaidi. Na kama hamjui mko upande gani basi nyie ni wa upande wa kwanza.

Kabla ya kwenda mbali kuna kitu kimoja kinanikera kidogo, watu kudhani kupiga hizi nyimbo kwa metali ni kuzilazimisha. Hapana aisee. Zote mbili zimetoka Cheiron, ile studio ya Stockholm kule Uswidi aliyoianzisha prodyuza Denniz PoP. Max Martin, ambaye aliandika "I Want It That Way" pamoja na Andreas Carlsson, jina lake la kuzaliwa ni Karl Martin Sandberg, na kabla ya kuandikia pop alikuwa mwimbaji wa bendi ya metali inaitwa It's Alive, huko alijiita Martin White, na Denniz PoP ndo alikuja kuwaprodyuzia albamu mwaka 1993. "Bye Bye Bye" nayo ameiandika Kristian Lundin na Jake Schulze na huyohuyo Andreas Carlsson. Sasa angalia na video, zote mbili kaziongoza Wayne Isham, mtu yuleyule aliyeongoza "Enter Sandman" ya Metallica mwaka 1991. Hata Mutt Lange, prodyuza wa "Back in Black" ya AC/DC, aliwahi kuwaandikia Backstreet Boys wimbo kwenye albamu yao ya 1997. Yani watu wa gitaa kubwa walikuwa ndani ya hii nyumba muda wote, korasi zao zimejengwa kama korasi za rock ya viwanjani ya miaka ya 80, melodi fupi, kila silabi ina noti yake, na inajirudia mpaka mtu wa siti ya mwisho kabisa aishike. Ukiweka distoshoni, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, chini ya melodi ya namna hiyo haivunjiki, na ndo maana kava nzito za hizi nyimbo zinafanya kazi wakati kava nzito za nyimbo nyingine nyingi za pop zinageuka kelele tu.

Haya, tuanze na "I Want It That Way".

Wimbo uko kwenye ki ya A meja, yani A ndo noti ya nyumbani, mwendo ni kama biti 99 kwa dakika, na vesi inazunguka kwenye kodi tatu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), F# maina, D, alafu A. Watu wengi wanausikia kama wimbo mtamu wa kubembeleza na wanaogopa kwamba kwenye gitaa zito utakuwa wa kitoto. Lakini angalia unaanzia wapi, unaanza kwenye maina, kodi ya huzuni. Ule utamu unaletwa na gitaa la akustiki linalochomoa nyuzi mojamoja na ile noti ya tatu ndani ya kila kodi, ambayo ndo inaamua kodi iwe ya furaha au ya huzuni. Ukiwasha distoshoni ile noti ya tatu inaanza kugombana na zile nyingine, sauti inakuwa tope, na ndo sababu wapiga gitaa wa rock wanaitoa kabisa wanabaki na pawa kodi, mzizi, yani noti inayoipa kodi jina, na noti ya tano basi. Ukifanya hivyo hapa unapata F#, D, A tupu, hazina furaha wala huzuni, na kwa kuwa imeanza F# sikio linaisoma yote kama wimbo wa giza. Hujabadilisha kitu chochote kwenye utunzi, umetoa noti moja tu kwenye kila kodi, na baladi imeshageuka. Jaribuni hicho kipande peke yake kwenye mazoezi, gitaa moja, vesi ya kwanza, nyuzi zimezimwa kwa kiganja kwenye F# alafu mnaziachia zilie kwenye D, mtaelewa ninachosema kabla hata dramu haijaingia.

Sasa ubaya wake. Hizo noti za tatu mlizozitoa kwenye gitaa lazima zirudi mahali, na mahali penyewe ni kwenye sauti za watu. Kwenye orijino kuna waimbaji watano, Brian Littrell anafungua, wengine wanapokezana, Kevin Richardson na ile sauti yake nzito anashika briji, kile kipande tofauti kabla ya korasi ya mwisho, na kwenye korasi wote wako juu ya mwenzie, zimerekodiwa tabaka kwa tabaka. Bendi ya watu wanne yenye mwimbaji mmoja ikipiga korasi ile, inatoka nyembamba. Gitaa zinaweza kuwa kubwa kama nyumba lakini ile korasi itasikika ina tundu katikati, na mashabiki watalijua tundu hata kama hawawezi kulitaja kwa sababu wimbo huu wameusikia maisha yao yote na kichwani wanasikia sauti zote. Kuna njia ya kuziba, gitaa la pili lisipige kodi, lipige melodi ya sauti ya pili juu, yale mambo ya gitaa mbili kuimba pamoja kama Iron Maiden wanavyofanya. Inasaidia sana kiukweli. Ila bado mnahitaji angalau mtu mmoja wa kumjibu mwimbaji kiongozi, maana korasi ile ni ya mtu kuuliza na wengine kujibu, ukiiimba peke yako unajiuliza na kujijibu.

Alafu kuna ile sehemu ya mwisho, na hapa ndo nawaomba msifanye ujanja. Baada ya briji korasi ya mwisho inapanda toni nzima, kutoka A kwenda B. Bendi nyingi nzito zinaiacha hii, zinabaki kwenye ki ileile na badala yake zinaweka kipande cha kushusha mwendo cha kutikisa vichwa. Nawaelewa, maana mkiwa mmetyuni chini ili uzi wa wazi, usiobanwa kwa kidole, ndo uwe mzizi, mkipanda toni nzima uzi wa wazi hauna kazi tena, uzito unapungua palepale mnapouhitaji. Lakini ule mpando ndo wimbo wenyewe. Dakika tatu zote zinajenga kufika pale. Mkitaka kushusha mwendo shusheni kwenye briji, zima kila kitu, bakisha besi na sauti moja, watu wadhani mmemaliza, kisha dramu inaita mara moja na mnaingia kwenye B kwa pamoja, gitaa zote zimeachiwa hazizimwi kwa kiganja tena. Hapo hamhitaji uzi wa wazi kwa sababu kinachobeba uzito ni upana. Nimeona ukumbi ukiruka pale.

Kuhusu maneno ya wimbo huu, kila mtu anajua hayaeleweki vizuri, ile "that way", yani "hivyo", anayoitaka na asiyoitaka kusikia hazikai pamoja. Iliwahi kutengenezwa hata vesheni nyingine yenye maneno yanayoeleweka na wenyewe Backstreet Boys wakaikataa wakabaki na ya kwanza kwa sababu ya jinsi inavyoimbika. Walikuwa sahihi kabisa kwa pop. Kwa bendi nzito lakini hii inaleta swali, mwimbaji wenu akitaka kukaza koo na kunguruma, ananguruma kuhusu nini? Hakuna wa kumkasirikia. Kwa hiyo ushauri wangu wimbo huu usingurumwe kabisa, uimbwe kwa sauti safi iliyokazwa mpaka inakaribia kupasuka, maumivu sio hasira. Mwimbaji ambaye kazi yake yote ni kunguruma atateseka humu.

Mkitaka kuuharakisha kwa mtindo wa panki inawezekana, 99 ukiizidisha mara mbili ni 198 ambayo kwa panki ni mwendo wa kawaida tu, dramu inakimbia na mwimbaji anabaki na kasi yake ileile. Mimi siupendi sana hivyo. Melodi ina noti ndefu, na noti ndefu juu ya dramu inayokimbia inasikika kama watu wawili wanaopiga nyimbo tofauti. Huu wimbo unataka uzito wa kukanyaga.

Sasa "Bye Bye Bye".

Hapa hali ni tofauti kabisa, na kwa bendi nyingi ni rahisi mara kumi. Wimbo uko kwenye G# maina tayari, hakuna haja ya kuutia giza, unalo. Mwendo ni kama 86 kwa dakika, au 172 ukihesabu maradufu, na hii namba naomba mpiga dramu wenu aiangalie vizuri kwa sababu ni zawadi. Kwa 172 mna panki kamili, snea, ile ngoma kali ya katikati, inakimbia, korasi inaruka. Kwa 86 mna ule mwendo wa kukanyaga wa metali. Na kutoka kimoja kwenda kingine hambadilishi tempo hata kidogo, ni mpiga dramu tu anahamisha snea, vesi inaenda kwa 86 nzito, korasi inalipuka kwa 172, briji inarudi 86 na bas dramu mbili zinajaza chini. Vitu ambavyo kwenye wimbo mwingine ingebidi mkae mvipange upya hapa vimo ndani.

Alafu kuna lile jina lenyewe. Maneno matatu, mapigo matatu. Orijino inafungua na sauti kabla mdundo haujaingia, na kila korasi ikifika kwenye jina muziki unagonga pamoja na sauti. Hiyo kwa gitaa ni rifu, kipande kifupi cha gitaa cha kujirudia, iliyokuja bure, bendi nzima inagonga mapigo matatu kwa pamoja, gitaa, besi, bas dramu, kimya, alafu inaendelea. Kile kimya cha baada ya pigo la tatu ndo kitu cha kufanyia mazoezi zaidi kuliko kitu kingine chochote kwenye kava hii. Kikiwa safi, nyuzi zote zimezimwa kwa wakati mmoja, hakuna feedibeki, ule mlio wa spika, hakuna simbali inayolia, wimbo unasikika mzito hata kwenye spika mbovu. Kikiwa na uchafu basi uzito wote umeondoka na hamtajua umeenda wapi. Mpiga simbali azishike kwa mkono, kabisa, asitegemee zitanyamaza zenyewe.

Maneno nayo yanasaidia. Mtu amechoka kuchezewa, anaondoka, basi. Mwimbaji anajua amemkasirikia nani na kwa nini. Na kuna historia nyuma yake inayoongeza uzito, NSYNC walikuwa wametoka kwenye mgogoro mkubwa wa kisheria na Lou Pearlman, tajiri aliyegharamia kuanza kwao kule Orlando, ambaye ndo aliwaweka pamoja Backstreet Boys, na aliyekuja kuhukumiwa miaka 25 jela mwaka 2008 kwa utapeli wa mamilioni ya dola za watu waliomwekezea fedha. Albamu waliiita "No Strings Attached", kwenye video ya wimbo wanaonekana ni vibaraka wa kamba halafu kamba zinakatwa, na ile albamu ikauza nakala milioni 2.4 wiki ya kwanza Marekani. Wimbo wenyewe haukuandikwa kwa ajili ya Pearlman, ulipelekwa kwanza kwa bendi ya Uingereza inaitwa Five nao wakaukataa, ila vijana walivyouimba ulikuwa umeshapata maana yake. Mwimbaji wenu akiijua hii habari ataimba tofauti, nawahakikishia. Na hapa kunguruma kunaruhusiwa, vesi ya pili hasa, ilimradi korasi ibaki na melodi yake.

Sauti hapa sio tatizo kubwa. Justin Timberlake na JC Chasez wanabeba karibu kila kitu, wengine wanajaza, na korasi ni ya kupiga kelele pamoja zaidi kuliko ya kupangilia. Mwimbaji mmoja na wapiga gitaa wawili wanaopiga kelele kwenye maiki wanatosha. Hata mashabiki wenyewe ni kwaya.

Upungufu wake ni mmoja, hauna kilele. "I Want It That Way" inapanda, inakupeleka mahali. "Bye Bye Bye" inafika mapema na kubaki palepale, korasi ya kwanza na ya mwisho zina ukubwa uleule. Mkiupiga kama ulivyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho kwa nguvu zote, dakika ya tatu watu wameshachoka kidogo. Kwa hiyo lazima mtengeneze kilele nyie wenyewe, na pa kukitengeneza ni kwenye briji kwa kushuka mpaka chini, na korasi ya kwanza kabisa muizuie, ipigeni kwa 86 nzito msiruhusu dramu ikimbie, wekeni akiba ile 172 mpaka korasi ya pili. Mpiga dramu atalalamika. Mwacheni alalamike.

Kuna kingine cha kuangalia, mikono. Dansi ya "Bye Bye Bye" aliyoitunga Darrin Henson, ule mkono wa kuaga, watu wanaijua hata wasiojua maneno, na tangu wimbo utumike mwanzoni mwa filamu ya "Deadpool & Wolverine" mwaka 2024 hata watoto waliozaliwa baada ya NSYNC kuvunjika wanaijua. Maana yake mashabiki watashiriki kwa mikono hata pale ambapo hawawezi kuimba kwa sababu ya kasi. Kwenye "I Want It That Way" wanashiriki kwa koo, wote, kwa nguvu, mpaka mwimbaji hasikiki. Zote ni raha ila sio raha ileile, na bendi iangalie inapiga wapi, kwenye ukumbi mdogo ambao watu wamebanana mkono hauna nafasi.

Kuna waliotangulia mnaoweza kuwasikiliza. Further Seems Forever, bendi ya Florida, waliipiga "Bye Bye Bye" kwenye ile albamu ya mkusanyiko ya "Punk Goes Pop" ya 2002, na kinachonifurahisha ni kwamba ni bendi ya kutoka jimbo lilelile walikotoka NSYNC. Children of Bodom wa Ufini wao waliichukua "Oops!... I Did It Again" ya Britney Spears, ambayo Max Martin ameiandika pamoja na Rami Yacoub, mwimbaji wao Alexi Laiho akaipigia koo lake lote la metali na melodi ikasimama vilevile. Sikilizeni zile mbili kwa pamoja na muangalie kitu kimoja tu, melodi ya korasi. Hawajaigusa. Wamebadilisha kila kitu kinachoizunguka. Bendi zinazoharibu hizi kava ni zile zinazoona aibu, zinaimba korasi kwa kuibana pua au kwa sauti ya kuchekesha ili watu wajue kwamba wao hawaupendi huo wimbo kweli. Kama hamuupendi msiupige, kuna nyimbo nyingi duniani. Mtu aliyelipa kiingilio anasikia kabisa kama mnamaanisha, na huu wimbo huenda ndo aliokuwa anausikiliza akiwa na miaka 12 na ulimsaidia.

Na mjue pia kava ikikubali sana inaweza kuwafunika. Alien Ant Farm, bendi ya rock, walikuwa na nyimbo zao nzuri tu kwenye albamu lakini "Smooth Criminal" ya Michael Jackson waliyoitoa 2001 ndo watu wengi wanawajulia. Kwa hiyo chagueni wimbo ambao hamtachukia kuupiga kwa miaka.

Kuna watakaosema kwa nini sio "Everybody (Backstreet's Back)" ya 1997, na swali ni la haki, uko kwenye maina, mdundo una ubabe, video yake yenye jumba la mazimwi iko nusu ya njia kuelekea metali. Nimeiondoa kwa sababu moja tu, wimbo unajitaja. Korasi inasema Backstreet wamerudi, na nyie sio Backstreet. Mkibadilisha jina mkaweka la bendi yenu inakuwa utani, mkiacha kama lilivyo mnaimba tangazo la watu wengine. Kwa shoo moja ya sherehe sawa, ila sio kwa kuirekodi.

Kwenye kurekodi hakuna tofauti kati ya hizi mbili. Marekani sheria inaruhusu kurekodi wimbo ambao mwenyewe ameshautoa, unalipa mrabaha uliowekwa kwa kila nakala bila kumuomba mtunzi, ilimradi usibadilishe melodi ya msingi na tabia ya wimbo. Video ni habari nyingine, hiyo inahitaji ruhusa ya wenye wimbo. Nchi nyingine zina taratibu zake, ulizeni kabla ya kupakia.

Tyuning sasa, maana hapa ndo bendi nyingi zinakwama. Mwenye gitaa la nyuzi nane ana bahati kwenye "I Want It That Way", uzi wake mnene kabisa kwa kawaida ni F#, kodi ya kwanza ya wimbo ipo pale wazi. Mwenye nyuzi saba kwenye "Bye Bye Bye" atyuni dropu A, yani uzi mnene ushushwe mpaka A, kisha ashushe zote hafu toni, anapata G# chini. Ila wengi wana nyuzi sita, na kwa hao napendekeza muweke dropu D, uzi mnene ushuke mpaka D, na mzishushe nyimbo zote mbili toni mbili kamili. "I Want It That Way" inaanza D maina, yani uzi wa wazi kabisa, na kodi zake zinakuwa D maina, Bb, F, zote kwa kidole kimoja. "Bye Bye Bye" inakuwa E maina, freti ya pili tu kutoka chini, bado nzito sana. Na waimbaji wenu watashukuru, maana orijino zote mbili ziko juu kwa mwanaume wa kawaida anayetaka kuimba kwa nguvu bila kupasua koo katikati ya shoo.

Na hapa kuna jambo zuri kwa wale ambao bado hawajakubaliana. Korasi ya mwisho ya "I Want It That Way" ikishapanda kwenda B meja, maina inayotumia noti zilezile ni G#, ambayo ndo ki ya "Bye Bye Bye". Nyimbo mbili tofauti, bendi mbili zilizokuwa zinashindana, na moja inaishia palepale nyingine inapoanzia. Kwa ile dropu D niliyosema inakuwa mnamalizia G meja na E maina iko hapohapo. Pigeni vesi moja na korasi ya Backstreet, rukeni vesi ya pili, nendeni briji, pandeni, imbeni korasi ya mwisho mpaka tamati, mwacheni mwimbaji ashike noti yake ya mwisho huku gitaa zinalia, mpiga dramu ahesabu nne kwa 86 badala ya 99 ili mwendo uanguke, na mgonge yale mapigo matatu. Besi ndo ibaki imeshika E muda wote wa kuhesabu, asiachie, ili wakati gitaa zinakata pasiwe na tundu.

Mkiona kuna mtu kwenye bendi hawezi ule mpando wa korasi ya mwisho hata baada ya kuushusha, basi rudini kwenye nilichosema juu, chukueni "Bye Bye Bye" peke yake na muda wote uliobaki muutumie kwenye kile kimya cha baada ya pigo la tatu.